Meneja Aliyekosa Hamasa

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Nasema mapema ili mtu asije akanifuata nyumbani. Nimeitafuta kwenye ramani ya darasani, ile yenye kona iliyoliwa na mchwa, sikuiona. Labda ilikuwa kwenye hiyo kona. Kwa hiyo ukisoma ukahisi unamjua mtu fulani, huyo mtu ni wako wewe, mimi usinisingizie.

Nchi hii isiyokuwepo ilikuwa na kila kitu. Ilikuwa na mito, ilikuwa na reli, ilikuwa na kiwanda cha viberiti. Ilikuwa pia na mameneja, wengi, wenye afya njema. Tatizo lilikuwa dogo tu. Mito haikufika kwenye mabomba, treni ilifika wakati abiria wameshakata tamaa na kuoa hukohuko walikokwama, na kiwanda cha viberiti kiliwasha jiko lake la chai kwa kuomba kaa la moto kwa mama ntilie wa jirani.

Mtukufu Rais akaita baraza. Alikuwa Mtukufu kwa sababu cheo cha Mheshimiwa alikuwa ameshakigawa kwa watu wadogo. Akauliza, "Hawa mameneja wana nini?"

Mawaziri wakatazamana. Mmoja wao, Mheshimiwa Dokta Shadhili Ngwembe, alikuwa waziri asiye na wizara, maana zilikwisha kabla foleni haijamfikia. Huyo ndiye aliyenyoosha mkono.

"Mtukufu, mameneja wetu hawana ubaya. Hawana hamasa tu."

Papo hapo ikaundwa Wizara ya Hamasa ya Mameneja, akapewa yeye. Watu wenye roho mbaya walisema kwamba hamasa ya kwanza kuonekana ilikuwa ya kwake. Mimi sikusema, nilikuwa nasikiliza tu.

*

Wizara ikaanza kwa kuagiza wataalamu nje, kama wizara yoyote yenye heshima zake.

Wa kwanza alitoka nchi ya baridi kali. Alikuwa mtu mpole, wa kuvaa kandambili na soksi. Akaeleza kwamba kwao meneja hasukumwi na mtu, anasukumwa na kazi yenyewe. Leo ametengeneza kitu, kesho anataka kutengeneza kizuri zaidi, hata kama hakuna anayemtazama. "Mkitaka afanye makubwa," akasema, "mwacheni huru."

Mameneja walipiga makofi mpaka wengine wakahamia kupiga meza. Agizo likatoka waachwe huru, na uhuru wakautumia vizuri. Mmoja alionekana shambani kwake akipalilia mihogo kwa juhudi ambazo ofisini hazikuwahi kujulikana. Mwingine akanyanyua nyumba ya kupangisha mpaka kwenye linta. Mtaalamu alipopita ofisini alikuta makoti yametundikwa kwenye migongo ya viti. Aliyahoji makoti mpaka jioni, kisha akapanda ndege.

Wa pili alitoka mashariki ya mbali, kwenye viwanda. Huko kwao meneja anasukumwa na kuogopa kuwaaibisha wenzake. Akishindwa, anasimama mbele ya wafanyakazi, anainama mpaka wanaona kisogo chake, anaomba radhi, anajiuzulu. Mkurugenzi wa reli akachaguliwa kuonyesha mfano. Akasimama stesheni mbele ya abiria, akainama.

Abiria hawakuwahi kuona mkubwa anainama. Wakadhani anawasalimia.

"Ona alivyo mnyenyekevu, jamani," mama mmoja akasema akipangusa machozi kwa ncha ya kanga. Jioni redio ikausifu unyenyekevu huo, kesho yake Mkurugenzi akapandishwa cheo. Kuanzia hapo mameneja wote wakawa wanainama, hata wasipoulizwa, na hospitali zikajaa watu wenye maumivu ya kiuno na magari ya serikali. Mtaalamu alijitahidi kueleza kwamba baada ya kuinama mtu anajiuzulu. Mkalimani akasema neno hilo amewahi kulisikia, ila hajawahi kuliona likitumika.

*

Ndipo akaitwa Profesa Kizito Nandonde, mzaliwa wa hapohapo, mtu wa miwani mbili, moja usoni na moja kichwani.

"Tumekosea kuazima," alisema. "Wenzetu wa baridi wanafanya kazi ili wapate kazi nyingine. Wenzetu wa mashariki wanafanya kazi ili wasiaibike. Meneja wetu, waheshimiwa, anafanya kazi ili apokelewe. Mmewahi kumwona mkubwa anayekwepa mapokezi? Vikao anakwepa, simu anakwepa, mke wa kwanza anakwepa. Mapokezi atakuja hata akiwa na malaria."

Kila mmoja ukumbini alijijua.

Likazaliwa Agizo la Mapokezi. Kitu chochote cha umma kikikamilika, kisiguswe na mwananchi mpaka meneja wake apongezwe hadharani, na mgeni rasmi wa ngazi inayofaa akate utepe.

Sitadanganya, lilifanya kazi. Nchi ilianza kukamilika kwa kasi ya kutisha. Madarasa yakakamilika, yakafungwa kungoja utepe, wanafunzi wakasomea nje wakiyasifia kupitia dirishani. Kivuko kikakamilika, kikafungwa kamba ya rangi za taifa, watu wakaogelea pembeni yake kwa adabu. Choo cha stendi nacho kikakamilika, na abiria wakawa wanakwenda nyuma yake, kitu ambacho hakikukatazwa kwa kuwa nyuma hakukuwa na utepe.

*

Sasa twende Mkwesuni, maana ndiko alikokuwa mgonjwa wetu.

Mkwesuni kulikuwa na zahanati yenye wodi ya wazazi, na wodi ilikuwa na bomba kibarazani, na bomba lilikuwa kavu. Mama mjamzito alitakiwa aje na kanga, wembe mpya na maji yake. Nesi wa wodi, Tausi Mkopi, alikuwa akiwapokea mlangoni: "Mama, umekuja na mtoto na dumu, au umekuja na mtoto peke yake?" Aliyekuja na mtoto peke yake, ndugu zake walikimbia bwawani. Maji ya bwawa la Mkwesuni, ukiyaacha yatulie, yanakuwa na tabaka kama keki.

Meneja wa maji wa mji huo alikuwa Injinia Pantaleo Mbonde. Kwa kumtazama usingejua kama ni mgonjwa. Alikula vizuri, alicheka, alikuwa na mke. Kumbe ndani hali ilikuwa mbaya.

Asubuhi moja, baada ya Pantaleo kukesha kisimani na mafundi wake wakipambana na pampu, bomba la wodi likakohoa, likatema kutu, likatoa maji.

Nesi Tausi aliyatazama kwa mashaka. "Injinia, haya ni ya kwetu au umeyakodi?"

"Nawa kwanza, Sista, ndipo uulize."

Akanawa. Wazazi wakatoka vitandani kuja kuangalia, wengine wamebeba vichanga wao nao waangalie. Walikuwa bado wanacheka pikipiki ya serikali ilipoingia. Ilimleta Bwana Zuberi Chitanda, Afisa Hamasa wa Wilaya.

"Nani amefungua?"

"Mimi," Pantaleo akasema.

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya Nesi."

"Nesi ni ngazi gani?"

"Ngazi ya nesi."

Chitanda akashuka kwenye pikipiki polepole, kama mtu anayekuja kutoa taarifa ya msiba. "Injinia, unajiibia mwenyewe. Haya yalikuwa mapokezi yako. Sasa nani atakupongeza, hii ndoo?"

"Maji yametoka, Bwana Chitanda. Mimi imenitosha."

"Imekutosha vipi?"

"Imenitosha tu."

Chitanda akamtazama kama unavyomtazama mtoto aliyekataa uji tangu jana. Kisha akafunga bomba, akalizungushia utepe, akaweka kufuli. Kufuli lilikuwa kubwa kuliko bomba.

"Kaka Chitanda," Nesi akasema, "nina mama humu anajifungua leo."

"Hongera zake. Aagize dumu."

*

Pantaleo akaitwa makao makuu kupimwa hamasa. Siku hiyo walipimwa mameneja wengi, na wote walikuwa wazima kabisa. Wa barabara aliulizwa roho yake inataka nini akikamilisha kazi, akajibu anataka jina lake kwenye jiwe, kwa herufi ambazo mtu aliye kwenye gari linalokwenda kasi anaweza kuzisoma. Wa pamba akasema anataka mtalaka wake amwone kwenye televisheni. Profesa Nandonde akawa anatikisa kichwa kwa raha.

Akaingia Pantaleo.

"Ukikamilisha kazi, roho yako inataka nini?"

"Maji yatoke."

"Yametoka. Halafu?"

"Halafu niende Mkwesuni Juu, na wao pampu yao imekufa."

"Hujanielewa, kijana. Wewe binafsi. Wewe Pantaleo wa mama yako."

"Mama yangu naye anataka maji."

Profesa alishusha miwani ya kichwani akaivaa juu ya ile ya usoni. "Baba yako kwao wapi?"

"Mkwesuni."

"Babu?"

"Mkwesuni."

"Na hakuna mtu yeyote wa nchi za baridi aliyepita hapo katikati? Mmisionari? Fundi wa reli? Sema tu, hapa tuko watu wazima."

"Hakuna, Profesa."

Wakanong'onezana. Mtu mwenye msukumo wa watu wa baridi, ndani ya ngozi ya Mkwesuni, hakuwa amewahi kuonekana. Wakamwandikia matibabu. Kila asubuhi alikalishwa kwenye kiti chenye mikono mipana, vijana wa skauti wakamvika skafu, na watu wa kupiga makofi wakampigia mpaka wapate jasho. Baada ya kila dozi Profesa alimuuliza anajisikiaje.

"Najisikia vizuri. Naomba ufunguo wa lile kufuli."

Wakamruhusu arudi nyumbani kama wanavyoruhusiwa wagonjwa ambao dawa zimeshindwa.

*

Mkwesuni bomba lilikuwa bado linangoja. Mgeni rasmi hakuwa amepatikana, kwa sababu meneja asiye na hamasa hawezi kuomba mgeni mkubwa, na mgeni mdogo hawezi kuja kwenye bomba la wodi, litamshusha. Utepe ulikuwa umeanza kupauka kwa jua.

Nesi Tausi akamfuata Pantaleo nyumbani. Hakukaa.

"Mtoto wa Mwanjaa, yule niliyemkata kitovu siku ile walipofunga bomba," akasema. "Kitovu kilioza. Tumemzika asubuhi."

Pantaleo akavua kofia.

"Nina wengine wanne wamefika mwezi wao. Injinia, huo ufunguo unatokaje mikononi mwa yule mtu?"

"Mpaka nipongezwe, Sista. Na mapokezi lazima niyatake mwenyewe, wanapima."

"Basi yatake, kaka yangu. Pongezwa. Kwani ukipongezwa unakufa?"

Kesho yake Pantaleo akabisha hodi ofisini kwa Chitanda. Alisimama mlangoni ameshika kofia.

"Bwana Chitanda, nadhani imeanza."

"Nini?"

"Hamasa."

Chitanda akaweka kikombe chini. "Inakushika wapi?"

"Hapa." Pantaleo akagusa shingo, pale panapokaa skafu. "Halafu usiku naota jiwe, lina jina langu."

"Herufi kubwa au ndogo?"

"Kubwa."

Macho ya Chitanda yakalowa. Alizunguka meza akamkumbatia. "Nilijua, Injinia. Nilimwambia hata mke wangu, yule si mtu mbaya, amechelewa tu. Unataka nini kingine? Usione aibu."

Pantaleo akaikunjakunja kofia. "Kwaya."

"Kwaya."

"Na ngonjera. Na kiti chenye mikono."

Kadiri alivyoomba ndivyo ngazi ya mgeni rasmi ilivyopanda. Alipofikia zulia jekundu, Chitanda alikuwa ameshampigia simu katibu wa Waziri. Mheshimiwa Dokta Ngwembe akasema atakuja mwenyewe. Wizara yake ilikuwa imeponya mtu wa kwanza, na mtu huyo lazima aonwe na taifa.

*

Siku ya siku, Mkwesuni ilifunikwa na maturubai. Viti vilivishwa vitambaa na mafundo mgongoni. Wajawazito wakakalishwa mstari wa mbele kama walengwa wa mradi, wamevaa fulana zenye picha ya Mheshimiwa, na kwa jinsi matumbo yalivyokuwa, Mheshimiwa alionekana amenenepa kwa wananchi wake. Meza kuu ilipambwa maua ya plastiki, na kila mkubwa akawekewa chupa yake ndogo ya maji.

Mshereheshaji akasema itifaki imezingatiwa, kisha akaitaja yote, mmoja mmoja, wote waliozingatiwa. Kwaya ikaimba. Ngonjera ikafuata, na ndani yake Pantaleo alifananishwa na mvua, na twiga, na kitu kingine ambacho upepo ulikichukua.

Mheshimiwa akakata utepe. Chitanda akafungua kufuli. Bomba likakohoa, likatoa maji safi, watu wakapiga vigelegele. Nesi Tausi alikuwa tayari na ndoo zake kwenye ngazi, ila mpiga picha akamwomba azisogeze, zinaharibu mandhari. Mheshimiwa akanawa vidole, bomba likafungwa ili hotuba isikike.

"Wataalamu wa nje," Mheshimiwa akaanza, "walitudharau. Walisema meneja anasukumwa na kazi. Wengine wakasema anasukumwa na aibu. Mimi nikasema hapana, kila taifa lina roho yake. Huyu mnayemwona alikuwa amekufa ndani. Tulimpima, hakukuwa na kitu. Leo tazameni." Akamwelekezea mkono. "Injinia, waambie wananchi, unajisikiaje?"

Pantaleo akainuka kwenye kiti chenye mikono. Aliangalia bomba, akamwangalia Nesi, akajikaza.

"Nimefurahi sana kupokelewa."

Makofi yaliyopigwa hapo, ndege waliondoka kwenye miti.

"Mmesikia," Mheshimiwa akasema. "Sasa ndugu zangu, hebu tuulizane. Mtu kama huyu ni wa kukaa Mkwesuni? Ni haki? Kuanzia dakika hii ninamteua kuwa Mkurugenzi wa Uponyaji wa Hamasa, makao makuu. Anaondoka na msafara wangu."

Pantaleo akashika kipaza sauti kwa mikono yote miwili. "Mheshimiwa, mimi sina hamasa yoyote. Nilisema vile ili maji yafunguliwe. Nilikuwa nadanganya."

Watu wakacheka mpaka wengine wakaegemeana. Mheshimiwa naye alicheka, akamfuta Pantaleo vumbi begani. "Na ucheshi anao. Hawa ndio tunaowatafuta."

Vijana wawili wenye miwani nyeusi wakamsindikiza. Alikuwa anageuka nyuma kusema kitu kuhusu vali ya pampu, kwamba ikipata moto ipumzishwe, lakini kwaya ilikuwa imeshaanza wimbo wa kuaga. Mlango wa gari ukafungwa. Kwa nyuma ya kioo cheusi tuliona kiganja kimebandikwa. Watu wakakipungia.

Msafara ulipoishilia, Chitanda akaenda kwenye bomba na kufuli lake.

"Unafanya nini, kaka?" Nesi Tausi akamuuliza. "Si limezinduliwa?"

"Limezinduliwa chini ya uongozi uliopita." Akamwonyesha kwa kidevu mtu aliyekuwa amekaa mstari wa pili, suti mpya, amekunja nne. "Meneja mpya yule pale, Bwana Gervas Likwata. Sasa fikiria kibinadamu, Sista. Anakuja anakuta maji yanatoka. Hamasa ataipata wapi? Lazima yakauke kidogo, ayatengeneze, apokelewe na yeye."

"Kidogo ni mpaka lini?"

"Sio muda mrefu. Ana hamasa nyingi sana yule. Ameshauliza zulia linakaa wapi."

Kufuli likalia. Wakati huohuo mama mmoja wa mstari wa mbele alikuwa ameshika tumbo, picha ya Mheshimiwa imejikunja katikati ya vidole vyake. Uchungu ulikuwa umemwanza wakati wa hotuba, akaona haya kukatiza. Wenzake wakamwinua, wakamwingiza wodini. Alikuwa amekuja na mtoto peke yake, kwa sababu tangazo lilisema leo maji yapo.

Nesi Tausi akachukua beseni. Akaangalia upande wa bwawa, akaangalia mlango wa wodi. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye meza kuu, kwenye zile chupa ndogo. Nyingi zilikuwa tupu. Mbili tatu zilikuwa na mabaki, na ya Mheshimiwa ilikuwa haijapungua hata nusu.

"Sista, samahani," mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti, kwa upole. "Meza kuu haijafungwa rasmi. Bado neno la shukrani."

Nesi akasimama na beseni lake. Kutoka wodini walimwita kwa jina, mara moja, kisha tena. Wote tulisikia, hakuna aliyeinuka. Neno la shukrani lilikuwa la Bwana Likwata. Akaja mbele, akafunga kifungo cha koti, akakohoa. Alitafuta kitu cha kulainisha koo, akaiona chupa ya Mheshimiwa, akaifungua, akainywa yote bila haraka. Akafuta midomo kwa leso, akaanza kutaja majina ya wageni.